Nyumba ya Mama Mdogo Anésie

Bangwe, Kigoma
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu Gervasi,

Shikamoo.

Nakusalimu kwa heshima kwa kuwa wewe ndiye uliyenitangulia kuzaliwa, na hilo hasira yangu haiwezi kulibadilisha. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, unapata chakula, na una mahali pa kulala pasipovuja. Kama unaumwa, nakuombea upone upesi, maana nina mengi ya kukwambia na nataka uyasikie ukiwa na nguvu zako zote.

Mimi mwili ni mzima. Kwa sasa nakaa hapa Bangwe kwa rafiki yangu niliyesoma naye sekondari, ili niwe karibu na hospitali. Mkeo Veneranda yuko Mwamgongo bado. Amekonda, lakini anaamka, anachota maji, anaanika dagaa wakipatikana. Mtoto Martini ameanza kusimama kwa kushika ukuta, na kila akisikia injini ya boti inakaribia mchangani anageuza shingo. Najua hayo ndiyo ungependa kuyasikia kwanza, kwa hiyo nimeyatanguliza.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Mwanzoni iliita bila kupokewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Ndiyo maana nimemwomba Feliksi wa boti ya mizigo, yule mliyekuwa mkicheza naye mpira, akuletee karatasi hizi mkononi. Ameniambia anajua unapokaa hapo Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Usimgombeze. Na tafadhali usizichane kabla hujafika mwisho, kwa sababu lililo kubwa liko huko, nalo linakuhusu wewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Kaka, uliniuliza siku moja, tukiwa tunapakia mizigo yangu pale bandari ya Kibirizi, ninasoma nini hasa huko chuoni hata miaka haiishi. Nilikujibu kwa mzaha kwamba nasomea mbu, ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema kama ni mbu basi Mwamgongo nzima ni maprofesa. Leo nakujibu sawasawa. Nasomea virusi, vijidudu ambavyo hata hadubini ya kawaida haivioni, na hasa vile vinavyosafiri ndani ya wadudu. Mbu akimnyonya mgonjwa, kirusi kinaingia tumboni mwake, kinazaliana humo siku kadhaa, kinafika kwenye mate yake, na akimuuma mtu mwingine anamwachia. Mbu mwenyewe haumwi. Kazi yangu ilikuwa kujua ni virusi gani vinazunguka huku kwetu kando ya ziwa, kwa sababu huku kila homa huitwa malaria, na kipimo kikisema si malaria, watu huitafutia jina la jirani.

Ndiyo maana mvua za masika zilipoanza nikaja Mwamgongo na wenzangu wa chuo, tukiongozwa na msimamizi wangu, Dokta Bariki. Wewe mwenyewe ulitubebea mitego kutoka kwenye boti. Uliwaambia vijana waliokuwa wanavuta nyavu kwamba huyu ni mdogo wako, anasomea vijidudu, wasimsumbue. Nilikuona ulivyonyoosha mabega. Nataka ujue kwamba hilo nimelihifadhi, hata leo ninapokuandikia hivi.

Tulichukua damu za waliokuwa na homa, kwa ridhaa zao, na za wazima waliokubali. Na tulitafuta mbu. Sikuwa nawatafuta wale wa usiku tuliofundishwa kuwaogopa tangu utoto. Nilimtaka mbu wa mchana, mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma watu wakiwa wanakula na watoto wakiwa wanacheza, ambaye chandarua hakimzuii chochote. Huyo hataki dimbwi la matope. Anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo. Viluwiluwi vyake tulivikuta ndani ya matairi mnayofunga ubavuni mwa boti. Tulivikuta kwenye mtumbwi mkuukuu wa mwenyekiti wa kijiji, kwenye pipa la zahanati, kwenye chungu kilichovunjika nyuma ya jiko la mama mdogo Anésie. Tulivikuta kwako pia, kaka, na kwa mama mchungaji. Ilikuwa Mwamgongo yote. Mbu hakuchagua mlango.

Kisha Agnesi wako akaugua. Hapo sitaandika mengi, kwa sababu wewe ulikuwepo na mimi nilikuwa nimekwisha kurudi maabara na masanduku yangu ya barafu. Najua kwamba alilalamika macho yanamuuma kwa ndani. Najua kipimo cha malaria pale zahanati kilisema hakuna, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo, na sindano ya maumivu ambayo kwa homa ile haikufaa kabisa, kwani iliifanya damu izidi kuwa nyepesi. Najua fizi zilianza kutoa damu, ukakodi boti, upepo ukawa wa mbele, na mtoto akakata roho mapajani mwako kabla hamjaiona Kibirizi. Alikuwa akiniita shangazi dokta. Mpaka sasa nikipita mahali watoto wanaruka kamba, nageuka kumtafuta. Kwa hiyo usije ukafikiri naandika kama mtu ambaye msiba huu haukumgusa.

Matokeo ya damu yalitoka baada ya kuwa tumekwisha kumzika. Nilizipima mwenyewe, kwa mikono hii. Ilikuwa homa ya dengi. Nilirudia nikidhani nimekosea, yakatoka yale yale: mtoto wa jirani yenu wa kushoto, yule fundi wa nyavu, mama muuza mihogo, na Agnesi, ambaye damu yake tuliipata zahanati alikopimwa malaria. Kirusi kile kile, kimezunguka kwenye nyumba zilizobanana kati ya mlima na maji.

Gervasi, siku ile ile nilikupigia. Wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilikwambia si uchawi, si laana, si mtu. Nilikwambia ni ugonjwa wenye jina na wenye njia, na kwamba njia yake ni mbu. Ukaniuliza maswali mawili ambayo nayakumbuka neno kwa neno. Ulisema, "Mdogo wangu, huyo mbu wako mbona ameuma nyumba zinazomzunguka Anésie tu? Na yeye mwenyewe mbona hajaugua?"

Yalikuwa maswali mazuri. Hata Dokta Bariki angeyauliza. Nikakujibu. Nilikwambia mbu yule hasafiri mbali, anazaliwa kwenye tairi hili na kuuma nyumba ile pale, kwa hiyo wagonjwa huwa majirani. Na kuhusu mama mdogo, nilikata simu nikampigia kwanza kumwomba ruhusa, maana damu ya mtu ni siri yake. Akacheka, akasema niitangaze hata sokoni. Ndipo nikakupigia tena nikakueleza kwamba damu yake inaonyesha aliwahi kuugua homa hiyo hiyo zamani, pengine akiwa msichana, wakati familia yao ilipokuwa inakimbia kutoka Burundi, wakilala porini na kuweka maji vyomboni. Mwili uliokwisha kupigana na kirusi hicho mara moja unakitambua kikirudi. Hakuugua kwa sababu aliteseka kabla yetu. Hilo tu.

Ukasema, "Nimekuelewa." Nakujua, kaka. Nimekaa na wewe maisha yangu yote. Ukiwa hujaelewa hukwaruza kichwa na kuuliza tena. Siku ile ulielewa.

Ndiyo maana nina hasira. Kijana asiyejua kusoma akishika kiberiti kwa sababu ameaminishwa upuuzi, nitalia na nitamfundisha. Wewe uliambiwa. Ulijibiwa maswali yako yote mawili. Halafu ukapanda milimani ukamleta yule mpiga ramli.

Acha niseme pia la chuoni, usije ukadhani hasira yangu yote nimeielekeza ng'ambo ya ziwa. Siku ile ile nilimwendea Dokta Bariki nikamwomba tuandike kwa mganga mkuu wa wilaya, tupeleke ujumbe zahanati na kwa serikali ya kijiji, watu wamwage maji yaliyokaa na waache zile sindano. Aliniambia matokeo yetu ni ya awali. Aliniambia lazima sampuli ziende nje zikathibitishwe, kisha uongozi upitie, kisha kibali kitoke. Aliniambia sayansi haina haraka. Nikamwambia homa inayo. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeropoka mezani, akaniambia nikaendelee na uchambuzi wangu. Nilirudi kwake tena na tena. Kila nilipokwenda alikuwa na kikao. Tuliingia katika nyumba za watu, tukatoboa vidole vya watoto wao, wakatupa viti vyao tukalie, wakatupikia samaki wa migebuka, na tulipopata jibu la kinachowaua tukaliweka kwenye kompyuta. Nilimwambia hivyo mbele ya wenzangu. Alisema nina jazba ya nyumbani. Nikamjibu ndiyo, ninayo, kwa sababu ni nyumbani.

Wakati mimi napigana na milango ya ofisi, ninyi mlikuwa uwanjani. Yale niliyasikia kwa mkeo. Kwamba mpiga ramli alizungushwa kijijini mchana, watoto wakimfuata kama harusi, na mwenyekiti aliyepaswa kumfukuza akamwekea kiti. Kwamba alinusa nusa akapita nyumba yako, akapita ya fundi wa nyavu, akasimama kwa mama mdogo. Na kwamba mtu mmoja akapaza sauti akasema, "Si tulijua, huyu ni mtu wa kuja." Mtu wa kuja! Amekaa Mwamgongo tangu kabla sijazaliwa. Aliolewa na baba mdogo Martini, ambaye mwanao umempa jina lake. Amemzika hapo hapo kwetu.

Tena wewe kati ya watu wote. Mama alipofariki, nani alinibeba mgongoni? Nilikuwa sijaanza hata kusema vizuri. Baba alipoanza kuzama kwenye pombe, nani alikwenda kukutoa kwenye kambi ya wavuvi ukiwa umekimbia shule, akakukokota kwa sikio mbele ya wenzako mpaka darasani? Hakupata mtoto wake mwenyewe. Kila mtu alipomtania kwa hilo, alijibu kwamba anao wawili, tena wana vichwa vigumu. Mgongo wake umepasuka kwa jua la kuanika dagaa ili mimi leo niweze kutamka majina ya virusi. Alituita "mwana wanje", yaani mwanangu kwa lugha yake, wewe na mimi, mpaka tukasahau kwamba hatukutoka tumboni mwake. Siku ya msiba wa Agnesi ndiye aliyemwosha mtoto. Veneranda hakuweza kusimama. Wewe hukuweza kutazama. Ni yeye aliyemwosha, akamvalisha, akamfunga utepe.

Na siku zile zile, kaka, ukaanza kuona mikono ile kama mikono ya mchawi.

Ulinipigia simu mwenyewe mchana ule. Nilikuwa nikitoka kula. Sauti yako ilikuwa ya mtu aliyekunywa, ingawa najua hunywi. Uliniambia kwamba umemaliza. Uliniambia umechukua petroli ya injini, umeimwaga kwenye kuta kwa mkono wako, umewasha, na kwamba sasa Agnesi atalala. Nikapiga kelele nikikuuliza yeye yuko wapi. Ukasema yuko shambani, kwamba ulihakikisha hakuna mtu ndani, kwamba ulichoma nyumba tupu ili aondoke aende kwao. Ukakata simu.

Nyumba haikuwa tupu.

Mzee Yohani, yule mvuvi anayekaa karibu na kijito, ndiye aliyemtoa. Waliomweka kwenye boti ni wanawake, wanaume wote walikuwa wamekwisha kupotea. Nilipofika Kigoma kutoka chuoni nilimkuta amelazwa kwa ubavu mmoja kwa sababu mwingine hauwezi kuguswa. Mikono yake yote miwili imefungwa mpaka kwenye viwiko. Mkono wa kulia vidole vimeshikana, na daktari anasema hata vikitenganishwa havitakunja tena. Nywele hana. Nilipoinama kumsalimu hakusema habari za moto. Aliniuliza kama wewe umekula tangu msiba, kwa sababu siku za matanga alikuona hugusi chakula.

Nilitoka nje nikakupigia simu tena, haikupatikana.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana wewe uliondoka alfajiri yake na boti ya kwanza na hukuyaona. Homa haikuondoka. Jivu la nyumba ile halijapoa, mtoto wa mwalimu akaanza kulalamika macho. Wakafuata wengine. Ndipo Dokta Bariki alipopata haraka yake. Habari za moto zilikuwa zimefika mkoani, watu wakubwa wakawa wanauliza chuo kilikuwa kinajua nini, na kile kibali kilichokuwa hakipatikani kikapatikana. Walikuja maofisa wa afya, wakapiga dawa, wakapindua mitumbwi mikuukuu, wakatoboa matairi, wakafunika mapipa. Zahanati ikaambiwa iache zile sindano na iwanyweshe watu maji kwa wingi. Wagonjwa waliofuata wamepona, wote. Mambo yenyewe yalikuwa mepesi hivyo, kaka. Kupindua mtumbwi. Nikiwaza hivyo nasaga meno.

Ungefikiri watu wangeona aibu. Nilipokwenda Mwamgongo, mwenyekiti aliniambia kwa sauti ya utulivu kabisa kwamba wataalamu wamesaidia, na moto nao umesaidia. Nilimuuliza umesaidia nini. Akasema, "Si unaona imepungua?" Na Veneranda akanieleza kwamba vijana wale wale uliokwenda nao sasa wanamtaja bibi mwingine, mjane anayeuza mkaa njia ya kwenda mlimani, kwa sababu macho yake ni mekundu. Macho ya mtu aliyekaa na moshi wa mkaa maisha yake yote yangekuwa rangi gani? Wanamsubiri tu mtu mmoja augue karibu naye. Wanasema la Anésie halikuwa na matatizo, hakuna aliyekamatwa.

Hapo ndipo nilipoamua, na hili ndilo nililokuomba ulisome bila kuchana karatasi.

Jumatano ya juma lililopita nilikwenda polisi. Hakuna aliyenituma. Nilikaa kwenye benchi mpaka nikaitwa, nikaandikisha maelezo yangu. Nimelitaja jina lako, Gervasi, na la baba yetu, na la ukoo wetu. Nimewaeleza ulichoniambia kwenye simu, kuhusu petroli na kuhusu mkono wako. Nimewaeleza kwamba nilikwisha kukujulisha ni ugonjwa gani kabla hujamleta mpiga ramli. Nimewapa majina ya vijana niliowajua, la mpiga ramli, na la mwenyekiti aliyemwekea kiti. Afisa aliyekuwa anaandika alisimamisha kalamu akaniuliza kama nimesema huyu ni kaka yangu wa tumbo moja. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia sijafikiri kitu kingine tangu nimefika Kigoma.

Bila maelezo yangu hawakuwa na kitu. Kijiji kizima hakikuona. Na mama mdogo alikuwa amewaambia polisi kwamba ni jiko lake la mkaa, kwamba alilisahau karibu na pazia, kwamba ni uzee. Amelala pale na vidole visivyokunja, anakulinda.

Nilimweleza mwenyewe, sikutaka alisikie kwa wauguzi. Nilidhani atanielewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani akasema, "Nyumba nimechomewa na mmoja, mtoto nimechomewa na mwingine." Tangu siku hiyo hajanena nami. Naingia asubuhi na uji, namlisha kwa kijiko, anafungua mdomo, anameza, anatazama dari. Wakati mwingine naona bora angenipiga, lakini kwa mikono ile hawezi hata hilo.

Chuoni nako Dokta Bariki ameniambia kwamba nikiendelea na kesi hii hakuna kijiji kitakachotupokea tena, watatuita wapelelezi, na utafiti wa watu wengi utakufa kwa sababu yangu. Alinitaka nifute maelezo yangu. Nilipokataa, aliniondoa kwenye mradi. Inawezekana shahada yenyewe nisiipate, au nianze upya na msimamizi mwingine kama atapatikana. Sikuelezi ili unionee huruma. Nakueleza ili ujue kwamba sikuuza jina lako nipate kitu.

Na usije ukajifariji kwamba nina furaha. Nimepoteza mtoto wa kaka yangu kwa mbu, mama aliyenilea hanisemeshi, na wewe nakuandikia kama mtu anayeandikia adui. Nimekasirika na kila mtu, mpaka na Agnesi, Mungu anisamehe, kwa nini hakusubiri wiki mbili tu, ningekuwa nimejua. Lakini yule bibi muuza mkaa yuko hai leo, anashuka na gunia lake kama kawaida. Nikijiuliza kama nilifanya vibaya, namuwaza huyo.

Lipo jambo moja ambalo sikuwaambia polisi, kwa sababu nililisikia baadaye. Mzee Yohani alikuja hospitalini kumjulia hali mgonjwa, nikamsindikiza mpaka nje. Pale getini ndipo aliponieleza kwamba alipofika kwenye nyumba ile mlango ulikuwa umefungwa kwa nje kwa kamba ya nailoni, ya boti, mizunguko mitatu na fundo. Aliikata kwa kisu cha samaki. Akaniomba nisimtaje, anaogopa, ana wajukuu.

Wewe uliniambia ulihakikisha hakuna mtu ndani. Kama hakuna mtu, mlango wa nyumba tupu unafungwa kamba kwa nini? Nimejaribu kila njia. Nimejiambia ni vijana walifunga wewe ukiwa upande wa pili na petroli. Nimejiambia hukuiona. Nimejiambia pengine ulijua amekwenda shambani na hukujua amerudi. Siku nyingine naamini hivyo mpaka mchana, halafu naiona mikono yake na siamini tena. Nimemuuliza yeye, kabla hajaacha kunisemesha. Akasema mlango ule siku zote ulikuwa unakwama.

Sina haja ya kusikia mengine yote, kaka. Huzuni yako naijua, na hasira yako naijua kwa kuwa sasa ninayo yangu. Nataka kusikia hilo moja tu, kutoka mdomoni mwako, ukiwa umenitazama.

Feliksi anarudi Kigoma mwishoni mwa wiki na amekubali kukupa nafasi. Nitakuja bandarini. Sitakuja na askari, nimewaomba wanipe nafasi hiyo na wamenikubalia, ingawa wamesema hawatangoja sana. Tutapita hospitali kwanza, kwa sababu najua kuna mtu mmoja atakayefurahi kukuona hata kama hustahili furaha hiyo. Kisha tutakwenda kituoni, mimi na wewe, na nitakaa kwenye benchi lile lile mpaka wamalize na wewe. Chakula nitakuletea. Wakili nitakutafutia, nina rafiki anayesomea sheria. Mahakamani nitasimama upande wa pili na nitasema kila neno nililolisikia. Hayo yote nitayafanya, moja halizuii jingine.

Usipokuja, nitajua kamba ile ilikuwa ya nani.

Wape salamu zangu hao waliokupokea hapo Kalemie, na uwashukuru kwa niaba yangu kwa kukupa mahali pa kulala. Rafiki yangu ninayekaa naye hapa Bangwe anakusalimu. Yule mzee wa zahanati, baba yake Feliksi huyu mleta barua, naye anakusalimu, ameniambia hana neno jingine. Veneranda nilimuuliza kama ana la kukutumia. Alifikiri sana, akanipa Martini nimshike, akasema nikwambie mtoto ni mzima.

Mungu akuvushe salama.

Ni mimi mdogo wako, mtoto wa pili wa mama mdogo Anésie,

Eufrasia